Mwanangu ni SS lakini anatembea: je, tuombe kadi ya wenye ulemavu?

Mama Mshauri,

Nakusalimu kutoka Lubumbashi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa, na nina watoto watatu: wasichana wawili wakubwa na mvulana wa miaka 11, ambaye tangu akiwa na miezi 9 tunajua kwamba ni SS. Hapa kwetu wengi wanaujua ugonjwa huu wa damu kwa herufi hizo mbili tu, ingawa madaktari huuita drepanositozi, na wengine selimundu. Ukikutana na mwanangu barabarani huwezi kujua lolote. Anatembea, anacheka, anacheza mpira kidogo, na darasani ni wa tatu. Ni macho tu yanayogeuka njano siku fulani, na mwili wake ni mdogo kuliko wa wenzake.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Ufaransa, sasa ni miaka 16. Mwaka huu ametualika, mimi na watoto, tukakae kwake majuma matatu ya mwezi wa nane, na zawadi aliyowaandalia watoto ni siku mbili katika bustani ya michezo ya Disneyland Paris, pamoja na watoto wake na binamu wengine watakaotoka Brussels. Jumla tutakuwa watu 9. Viza tumepata na tiketi za ndege yaya amelipa. Tangu siku hiyo mvulana wangu hana habari nyingine mdomoni. Kwenye daftari lake amechora treni ya Big Thunder Mountain, ile inayopita chini ya maji hadi kisiwani, akajichora yeye mwenyewe kwenye kiti cha mbele.

Shida ilianza pale yaya aliponieleza kwamba mwezi wa nane foleni za bustani ile ni ndefu sana, na kwamba kwa mchezo mmoja mtu anaweza kusimama saa nzima au zaidi juani. Niliposikia saa nzima, moyo ulinipasuka. Miaka miwili iliyopita, siku ya kufunga mwaka wa shule, watoto walisimamishwa uwanjani tangu asubuhi hadi mchana wakisubiri wageni, na mwanangu aliona haya kuomba ruhusa ya kukaa au ya kwenda kunywa maji. Usiku uleule krizi ya maumivu ikamshika miguuni na mgongoni. Tulilala hospitali siku nne. Alikuwa analia bila sauti, akiuma shuka, ili asiwaamshe watoto wengine waliolala kwenye chumba kile.

Nilimwambia yaya kwamba mtoto ana anemia kidogo na hawezi kusimama muda mrefu. Sikusema zaidi, nawe utaelewa sababu. Yaya alifurahi badala ya kuhuzunika. Alisema pale kuna kadi ya watu wenye ulemavu inayowaruhusu kupita mlango wa pembeni, kwamba nilete karatasi ya daktari, na kama karatasi haitoshi tutakodi kiti cha magurudumu, mtoto akae, hakuna atakayeuliza, na sisi wote 9 tutamaliza michezo yote kwa siku moja. Sikuona ubaya moyoni mwake. Amejinyima mengi ili kulipa safari hii, na anataka watoto waione faida yake.

Mume wangu amekataa kabisa. Mama mkwe wangu alipopata habari alisema neno moja tu: «Mutoto yetu haiko kilema.» Mume wangu ana hoja nyingine, ambayo hakuisema mbele ya mama yake. Anasema wasichana wetu watakuja kuolewa, na siku picha za mtoto akiwa kwenye kiti kile zitakapopita katika kundi la familia kwenye WhatsApp, watu watauliza ana nini, na jibu likijulikana, hakuna familia itakayokuja kubisha hodi kwetu. Ugonjwa huu tumeuficha hata kwa ndugu wa tumbo moja wa mume wangu.

Mwanangu naye alitusikia. Siku ya pili aliniambia, akiwa anafunga viatu, bila kunitazama: «Mama, mimi sitapita mlango wa vilema. Nitasimama kama wengine.»

Na mimi mwenyewe sina amani. Darasani kwangu nina msichana anayetembea kwa magongo, anayefika shuleni akiwa amelowa jasho kila siku ya Mungu. Najiuliza: angekuwa yeye pale, akamwona mwanangu mwenye miguu miwili mizima anapita mbele yake na kundi la watu nane nyuma, angesema nini moyoni? Je, nikiomba kadi ninaiba nafasi ya wenye ulemavu wa kweli? Nikiomba bila ya kumwambia mume wangu, nitakuwa nimemsaliti? Au nimwache mtoto asimame, nisali tu? Wakati mwingine nafikiri ni heri abaki nyumbani kwa yaya siku hizo mbili, lakini nikiliangalia lile daftari nashindwa.

Mama wa watoto watatu, Lubumbashi

*

Mama mpendwa,

Umeniuliza juu ya kadi, lakini kabla ya kufika huko nimekaa kwanza na ile shuka. Mtoto wa miaka tisa anayeuma shuka ili asiwasumbue wengine ni mtoto aliyekwisha kujifunza kwamba maumivu yake ni usumbufu kwa watu. Hakujifunza hayo kwako peke yako, wala sikulaumu. Naitaja kwa sababu nadhani sehemu kubwa ya swali lako imejificha hapo, na tutairudia.

Nikikuelewa vizuri, unabeba mambo ya watu wanne kwa wakati mmoja. Kuna ukarimu wa yaya wako, ambao umepita mpaka kidogo. Kuna hofu ya baba watoto, ambayo inahusu wasichana kuliko inavyomhusu mvulana. Kuna fahari ya mwanao. Na kuna dhamiri yako, iliyokaa darasani pamoja na yule msichana wa magongo. Kadi ni karatasi ndogo iliyoangukia katikati ya hayo yote.

Tuanze na neno lililotumika nyumbani kwenu. Mama mkwe wako amesema mtoto si kilema, na nadhani alikuwa anamtetea mjukuu wake, kwa maana katika kizazi chake neno hilo lilikuwa la kumtoa mtu katika watu. Lakini ulemavu, jinsi unavyoelezwa leo, haukai katika miguu na mikono tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015, unaueleza kama jambo linalotokea pale mwili wenye udhaifu wa muda mrefu unapokutana na vizuizi vinavyomzuia mtu kushiriki sawa na wengine. Mkataba huohuo unataja, kwa maneno ya wazi, haki ya watoto hao kucheza na kuburudika kama watoto wengine. Sisi wenyewe tuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayowalinda watu wanaoishi na ulemavu. Na huko mnakokwenda, sheria ya Ufaransa ya tarehe 11 Februari 2005 inahesabu pia ugonjwa unaomzuia mtu kuishi kama wengine.

Sikuandikii haya ili umbandike mwanao jina. Mezani kwenu, akiwa na daftari lake, hana kizuizi chochote. Uwanjani, juani, bila maji, tangu asubuhi hadi mchana, alikuwa nacho, na mlikilipia siku nne za hospitali. Seli zake nyekundu, zikikosa maji au oksijeni ya kutosha, hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na kusimama muda mrefu kwenye joto huku mtoto akiona haya kunywa ni njia mojawapo ya kufika huko. Kwa hiyo najiuliza kama swali la kama yeye ni kilema au la ndilo linalofaa kujibiwa. Pengine lililo karibu zaidi ni hili: foleni ya saa nzima inaufanya nini mwili huu, na nani anaweza kuifupisha bila kusema uongo?

Sasa juu ya msichana wako wa magongo. Umemweka kama hakimu, nami nashangaa kidogo kwa nini umemchagua yeye awe wa kukuhukumu, na si wa kukuelewa. Huenda angemtazama mwanao na kumtambua. Mlango wa pembeni haukujengwa kwa ajili ya magongo tu. Disneyland Paris kwa miaka mingi imekuwa na utaratibu wa aina mbili: kadi ya kipaumbele kwa mwenye hati rasmi ya ulemavu, na kadi nyingine ya kurahisisha njia kwa wajawazito, walioumia kwa muda, na wenye ugonjwa wa muda mrefu wanaoleta cheti cha daktari. Mwenye kadi haondolewi kusubiri kote, kwani anaweza kuambiwa arudi baada ya muda fulani, ila muda huo anaupitisha akiwa amekaa kivulini na chupa yake ya maji. Na idadi ya watu wanaomsindikiza ina kikomo.

Hapo kwenye kikomo ndipo naona dhamiri yako imegusa jambo la kweli, ingawa imelielekeza kwa mtu asiye na kosa. Mwanao kupita mlango ule hakumnyang'anyi mtu kitu. Watu tisa kupita kwa jina la mmoja ni jambo lingine. Huko Marekani, mwaka 2013, magazeti yaliandika juu ya familia tajiri zilizokuwa zikikodi watu wenye ulemavu wawe waongozaji wao katika bustani za Disney, ili zipite mbele ya foleni. Oktoba mwaka huohuo utaratibu wa zamani uliondolewa, ukaja mwingine wa kupewa saa ya kurudi. Mwaka 2024 masharti yalikazwa tena katika bustani za Florida na California, hata huduma hiyo ikabaki hasa kwa wenye tawahudi na hali zinazofanana nayo, na watu wengi wenye magonjwa ya muda mrefu, walioitumia kwa haki, wakajikuta nje. Mtu anayepanua mlango kwa hila huwa hayupo siku mlango unapobanwa. Anayebaki nje ni mtoto kama wako.

Sidhani yaya wako anajua haya. Sidhani pia anajua anachokiomba anaposema mtoto akae kwenye kiti, hakuna atakayeuliza, kwa sababu hujamwambia ukweli wote. Umempa anemia kidogo, naye amekupa mpango unaolingana na anemia kidogo. Lakini nisingependa ukitupe kiti hicho kwa sababu tu kilitajwa vibaya. Wako watu wengi wanaotembea na bado wanahitaji kiti siku ndefu inapowazidi, na mtoto aliyechoka kukaa kwenye kiti cha magurudumu hamdanganyi mtu. Uongo ungekuwa kumfundisha aigize kwamba hawezi kutembea. Ni tofauti ndogo ukiitazama kwa mbali, ila mwanao ataiona kwa karibu sana, kwa maana ndiye atakayekuwa amekalia kiti hicho.

Tufike kwa baba watoto. Hofu yake usiidharau, Mama, hata kama inakuumiza. Katika mji wetu wanawake wengi wametukanwa na wakwe zao kwa sababu ya mtoto wa SS, kana kwamba ugonjwa uliingia nyumbani ndani ya kitenge cha bibi harusi, na huenda mume wako, kwa kuficha, amekukinga wewe pia na ndimi hizo. Sijui kama mmewahi kukaa wawili tu mkayasema hayo. Ukweli wenyewe ni kwamba mtoto huwa SS pale tu anapoirithi jeni ya S kwa baba na kwa mama pia, na wazazi ambao wote wawili ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja tu ya S, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto wa SS, na mbili kati ya nne za kupata mtoto wa AS asiyeugua lakini anayeweza kuirithisha. Kwa hiyo wasichana wako huenda ni AS. Kipimo cha damu cha elektroforezi ndicho kitakachowaambia. Siku watakapotaka kuolewa, je, kitawalinda nini zaidi: kutokujua, au kuijua damu yao na ya wachumba wao kabla ya mahari? Naliacha swali hili kwenu wawili. Halina haraka ya mwezi wa nane.

Lenye haraka ni lingine. Yaya wako ndiye atakayekuwa mwenyeji wa mtoto huyu kwa majuma matatu. Krizi ikimshika usiku, ni yeye atakayepiga namba ya dharura, 15 au 112, na ni yeye atakayeulizwa mtoto ana nini. Jibu la anemia kidogo linaweza kupoteza saa ambazo mwanao atazilipa kwa maumivu. Hapa nakiri kwamba siwezi kukaa katikati: sioni usalama katika safari ambayo mwenyeji wake hajui. Lakini hata hapo njia ni yako. Unaweza kumwendea baba watoto kwanza, ukamwomba ruhusa ya mtu mmoja tu, yaya, kwa ajili ya hospitali tu, ukiacha habari ya kadi kwa siku nyingine. Mume anayekataa jambo kubwa mara nyingi hukubali jambo dogo akiona kwamba halikuja kwa mlango wa nyuma. Unaweza pia kumwambia yaya bila kumwuliza mumeo. Ungekuwa umemlinda mtoto, na ungekuwa umeweka jiwe kati yako na baba yake ambalo lingekusubiri uwanja wa ndege wa Luano siku ya kurudi. Uzito wa jiwe hilo unaujua wewe.

Na kuna tofauti kati ya siri na faragha ambayo ingeweza kumsaidia baba watoto. Cheti cha daktari huonyeshwa kwa mhudumu, hakisomwi mbele ya binamu. Picha za kundi la familia mnaweza kuwekeana sharti nazo kabla ya kuondoka nyumbani: kila mtu apige anachotaka, ila za foleni na za kiti zisitumwe. Watu wanaofanya hivyo hawaufichi ugonjwa kama aibu. Wanamwachia mtoto mwenyewe haki ya kuamua nani ajue.

Narudi kwake. Amesema hatapita mlango wa vilema, nami ningependa kujua neno hilo amelitoa wapi, kwa sababu katika barua yako limesemwa kwanza na mtu mzima. Pengine hakatai mlango. Anakataa jina lililoandikwa juu yake, na anakataa kuachana na binamu zake siku aliyoingoja kwa miezi. Ukimlazimisha, huenda akapita akiwa ameinamisha kichwa, na treni ile isimpe furaha yoyote. Ukimwacha asimame kwa fahari, unajua tayari atakachofanya kiu ikimshika: alikwisha kukifanya uwanjani. Kumwacha nyumbani kwa yaya kutamwepusha na jua, lakini atasikia habari za siku hiyo kwa midomo ya wengine kwa miaka mingi, nami naogopa atahesabu kwamba mwili wake ndio uliomfungia mlango.

Ziko njia zilizo katikati, kila moja ina kasoro yake. Mnaweza kwenda bila kadi, mkafika bustani inapofunguliwa, mkachagua michezo mitatu tu, mchana mkapumzika mahali penye kivuli. Kwa sehemu kubwa itategemea nidhamu ya watoto, na mwezi wa nane foleni haina huruma. Mnaweza kufikiri kwamba wengine wasimame na yeye aje kujiunga nao mwishoni, ila waliosubiri nyuma yenu wanaweza kulalamika na wahudumu wakakataa, na aibu ya hapo ingekuwa kubwa kuliko ya mlango wowote. Mnaweza pia kuwa na kadi mfukoni bila kulazimika kuitumia: yeye ndiye anayeamua, mchezo kwa mchezo, mkiwa na ishara yenu ya siri ambayo binamu hawaijui, labda kukugusa kiwiko, inayosema nimechoka, tupite kule. Binamu wawili au watatu wangeweza kupokezana kumsindikiza, ndani ya idadi inayoruhusiwa, na sishangai kama wangegombania zamu. Njia hii inaihitaji karatasi ya daktari, na kwa hiyo inaihitaji nyumba yenu iwe imeongea.

Daktari wake utamwona hata hivyo. Mwulize juu ya ndege, kwa maana hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani. Mwulize juu ya dawa za maumivu za kubeba mkononi, juu ya maji kiasi gani kwa siku ya joto, juu ya michezo ya kasi ambayo mlangoni ina onyo kwa wagonjwa. Daktari akisema treni ile haimfai, ni heri mjue mkiwa Lubumbashi kuliko kujulia mbele ya geti. Mkiamua kuomba kadi, cheti kiwe cha karibuni, kwa Kifaransa, chenye sahihi na muhuri, na yaya awaulize bustanini mapema masharti ya sasa, kwa kuwa hubadilika.

Umeniuliza pia kama usali tu. Sali, Mama, nami nitasali nawe. Lakini kabla ya kumpigia yaya simu, kabla hata ya kuongea na baba watoto, tafuta saa moja ukae na mwanao na lile daftari. Usimwulize juu ya mlango. Mwulize kwenye picha ile, yeye akiwa kiti cha mbele, ni nani aliyekaa pembeni yake, na kabla ya kupanda treni walikuwa wanangoja wapi.

Ni mimi,
Mama Mshauri